Maji ya Bafuni Yanakwenda Wapi?

Mfyuu! Leo nasonya, na nina haki ya kusonya. Mpishe mwenzako hapo barazani, muuza kahawa ajaze vikombe, maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na nikilimeza tena litanikwama.

Pita barabara ya mashariki ya Unguja. Anzia Michamvi, teremka Bwejuu, Paje, Jambiani, mpaka Makunduchi. Kila ukisogea unakutana na ubao mpya wa hoteli. Pamechorwa jani la kijani, na chini yake maneno yaleyale: asili, utulivu, uponyaji. Njoo upumzike, njoo upone. Na wageni wanakuja, tena wamechoka kweli. Mtu amekaa ofisini kwao mwaka mzima, usingizi hapati, moyo unamwenda mbio bila sababu. Akija akakaa mbele ya bahari yetu akapata nafuu, mwacheni apate, sina ugomvi na mgonjwa. Bahari inaponya. Hilo wazee wetu walilijua kabla ya ubao wa mtu yeyote.

Ugomvi wangu ni na mchoraji wa ramani na mwenye fedha yake. Na swali langu kwao ni moja, nitaliuliza kabla sijatazama picha za vyumba wala bei ya kulala: maji ya bafuni yanatoka wapi, na mgeni akishaoga yanakwenda wapi?

Huyu kijana wa bodaboda anasema hilo swali la fundi bomba, siyo la uponyaji. Kaa nikwambie, mwanangu.

Upande ule hakuna udongo wa maana. Ni maweni. Piga sururu, hujafika mbali umegota jiwe la matumbawe, na jiwe lenyewe limejaa vitundu kama mkate wa kumimina. Ndiyo maana huoni mto kule. Mvua ikinyesha inazama palepale. Chini huko maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ya chumvi ni mazito, na hilo tabaka la maji baridi ndilo linalojaza visima na mapango ambayo vijiji vya pwani vimeteka maji tangu enzi za mababu. Ukiteka kwa ndoo, linajirudishia kwa mvua ya masika na ya vuli. Ukilitia pampu kubwa ikanguruma usiku na mchana, maji ya chumvi yanapanda kujaza nafasi. Kisima kikishaingia munyu, mama wa kijiji ndiye anayebeba ndoo kwenda mbali zaidi.

Hiyo ni habari ya kutoka. Sasa habari ya kwenda. Karo likichimbwa kwenye jiwe lenye vitundu bila kuzibwa, hilo siyo karo, ni njia. Choo, sabuni, mafuta ya kukandia migongo ya wageni, vyote vinashuka kwenye maji yaleyale ya chini. Na maji ya chini hayakai, yanateremka kuelekea baharini. Wakati wa bamvua, maji yakipwa mpaka ng'ambo huko, tazama mchangani utaona vijichemchemi vinabubujika. Pale pale ndipo wanawake wa Paje na Jambiani walipopigilia vijiti vya mwani tangu kilimo hicho kilipoanza kwetu mwaka 1989. Wamesimama maji ya magotini, mgongo umeinama, mikono inafunga vishada kwenye kamba. Mgeni juu ya sakafu ya mbao anapakwa usoni uji wa mwani uponye ngozi yake, na maji ya kuoshea uso huo yanashukia shambani kwa aliyeotesha mwani huo. Sasa nambie kama ni swali la fundi bomba.

Hesabu zipo, sizitoi kichwani. Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha utafiti wa maji wa pwani yetu hii, akakuta mtalii mmoja kwa wastani anatumia lita 685 kwa siku. Katika mahoteli, karibu nusu ya maji haikwenda mwilini kwa mtu, ilikwenda bustanini. Mwaka 2012 shirika la Uingereza liitwalo Tourism Concern likaja na hesabu nyengine: nyumba moja ya mwanakijiji, familia nzima, lita 93.2 kwa siku. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano, lita 3,195. Chumba kimoja! Na sehemu kubwa ya maji hayo inamwagiwa majani ya zulia yaliyopandwa juu ya jiwe, mahali ambapo Mwenyezi Mungu hakuotesha majani ya namna hiyo. Mkadi unaota pale. Mvinje unaota. Vichaka vya maweni vinaota bila kuombwa, vina maua, vina vipepeo, vina paa na ndege, na havidai hata kopo moja wakati wa kiangazi. Wanavifyeka, kisha wanatafuta maji ya kuoteshea kitu cha kigeni. Hapo ndipo ulimi wangu unapogonga meno wenyewe.

Wala tusiambiwe kwamba uponyaji wa maji ni mambo mapya tuliyoletewa na ndege. Nenda Kidichi ukaone hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, zile kuta zenye nakshi za maua na ndege, na mabirika ya kuogea. Hapa mjini, dakika chache kutoka tulipokaa, ipo Hamamni ya Sayyid Barghash. Ile ilijengwa kuwa hamamu ya umma. Mtu wa mjini alilipa akaingia, akapata maji ya moto, akanyolewa, akakaa na wenzake akazungumza. Sifa ya Barghash mpaka leo ni maji: aliyatoa kwenye chemchemi huko nje akayaleta mjini kwa mabomba. Kwa hiyo kipimo tunacho siku zote. Anayejenga nyumba ya kuponya kwa maji, mji wake umepata maji au umekosa?

Na dawa nazo ni zetu. Mmeshamwona somo akimshughulikia biharusi? Msio uko mbele yake, kile kijiwe cha kusugulia. Anatia marashi matone machache, anashika kipande cha liwa, anasugua kwa mzunguko, polepole, mpaka unatoka uji mzito wenye harufu ya kukaa siku nzima. Pembeni kuna singo, karafuu imepondwa na maua yamekaushwa kivulini, siyo juani, maana jua linaondoa mafuta yake. Anampaka msichana mabegani na mgongoni, anasugua mpaka taka zinaanguka, na muda wote huo anazungumza naye. Yale mazungumzo ni nusu ya dawa. Ujuzi huu mzima umeingia kwenye orodha ya bei za mahoteli. Vyema, uingie. Lakini somo mwenyewe yumo? Amealikwa kuwafundisha wasichana wa kijiji wakalipwa kwa ufundi, au msichana wa kijiji kapewa ufagio na mtu wa mbali ndiye anayeshika liwa? Mchoraji anapopanga chumba cha kusingia, apange pia nani atakaa humo. Ni sehemu ya ramani, kama dirisha.

Sasa maalim hapa ananitupia jicho, ataka kusema kulalama ni rahisi, lipi limewahi kufanyika sawasawa. Limefanyika, na haliko mbali. Toka Mbweni kwa boti uelekee kusini, utakiona kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa wa mwaka 1904.

Kisiwa kile bahati yake ya kwanza ilikuwa kukatazwa. Kipo karibu na njia ya meli na sehemu za jeshi, wavuvi wengi hawakuachwa wakatega pale, kwa hiyo miamba ya upande wa magharibi ilibaki nzima wakati mingine ikipigwa baruti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Sibylle Riedmiller, mama wa Kijerumani aliyefanya kazi za miradi ya maendeleo, akaanzisha kampuni ya kukitunza. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba ule kuwa hifadhi, na wageni wakaanza kulala mwaka 1998. Samaki wa aina zaidi ya 400 wamehesabiwa mle. Na walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi. Wale wale waliokuwa wakijua pweza anajificha wapi ndio waliofundishwa kumweleza mvuvi mwenzao, kwa lugha yake na kwa heshima, kwa nini pale asitege.

Nisikilizeni sasa jinsi vibanda vya wageni vilivyojengwa, maana hapa ndipo penye somo.

Kisiwa hakina kisima wala mto. Kwa hiyo kila kibanda kimevishwa paa kubwa la makuti, na mvua inayoanguka juu ya paa inakusanywa, inachujwa kwenye mchanga na kokoto, inaingia kwenye tangi lililojengwa chini ya sakafu. Mgeni analala juu ya maji yake mwenyewe. Yanapandishwa kwa pampu ya mkono, yanapashwa na jua. Akishaoga, maji yanakwenda kwenye kitalu kilichozibwa chini, kimepandwa mimea inayokula ule uchafu, yasifike kwenye mwamba. Choo hakivuti maji hata kidogo, kinageuza kila kitu kuwa mboji. Umeme ni wa jua. Kiyoyozi hakuna: ukuta wa mbele unashushwa kwa kamba, kitanda kikabaki wazi mbele ya bahari, na upepo unaingia mpaka ndani ya chandarua. Bwawa la kuogelea hakuna, la nini na bahari iko mlangoni. Na usiku njia hazina taa. Unapewa tochi, kwa kuwa kisiwa usiku kina wenyewe. Kaa wa nazi, wakubwa kuliko sinia ya chai, wanatoka mashimoni kutafuta riziki, nao wana haki ya kupita.

Vibanda saba. Basi.

Nilichojifunza mimi pale ni kwamba hakukuwa na mvutano kati ya kisiwa na mgeni. Watu wengi wanadhani hoteli ya kutunza mazingira ni hoteli ya kumnyima mgeni raha kidogo ili samaki apate. Tazama tena. Kasa anayeanguliwa mchangani anaelekea penye mwanga, na usiku wa asili mwanga mkubwa uko baharini. Ukiweka taa kali ufukweni, kitoto kinageuka kinakwenda bara, kinakauka au kinaliwa. Zima taa, kasa amesalimika. Na yule mgeni asiyelala kwao, anayetembea na mwanga machoni mpaka saa nane za usiku, kapata giza mwili wake ulilolikosa miaka. Giza ni moja, linawatosha wote wawili. Toa kiyoyozi, umepunguza mafuta ya jenereta, na mgeni anasikia mawimbi badala ya mashine. Acha msitu wa maweni ulipo, umelinda kima na ndege, na mgeni ana kivuli cha kutembea asubuhi. Wajapani wanalo jambo lao la kuingia msituni na kutembea pole pole kwa afya, idara yao ya misitu imelihimiza tangu mwaka 1982, na hawakuhitaji kukata mti hata mmoja kulianzisha. Kazi kubwa ya mchoraji wa nyumba za kuponya ni kujua nini asikiguse.

Maalim kapata sauti. Anasema Chumbe ni pahala pa wenye fedha, vibanda saba haviajiri kisiwa kizima, na sisi tutakanyaga lini kule.

Kasema kweli nusu, na nusu hiyo naikubali bila kupunguza. Bei ya kulala Chumbe si ya mfuko wa mwalimu wa skuli. Lakini fedha ya anayelala ndiyo inayowapeleka wanafunzi wa Unguja kule na walimu wao, wakavaa miwani ya kuzamia, wakatia uso majini. Mtoto wa kisiwani, na hasa mtoto wa kike, anaweza kukua hadi ukubwani asiuone mwamba unaomlisha. Siku anayoinua kichwa juu ya maji, kinywa wazi, hana maneno, mimi sitaki mtu aniambie hiyo ni kazi ndogo.

Na kuhusu ajira, sawa, hatuwezi kuishi kwa vibanda saba saba. Hoteli ya vyumba mia itajengwa, na nyengine baada yake. Basi ile ya vyumba mia inashindwa nini? Paa lake ni kubwa zaidi, litavuna mvua zaidi. Kitalu cha kusafishia maji kinaweza kuwa kirefu, na maji yakishasafishwa yakanywesha miti badala ya maji ya kisima cha kijiji kunyweshwa zulia la majani. Bwawa moja likitosha, mabwawa binafsi mbele ya kila chumba ya nini? Kinachozuia si ufundi. Kinachozuia ni kwamba karo lisilozibwa halionekani kwenye picha, na bwawa linaonekana.

Halafu kuna hili la sura, ambalo linawadanganya hata watu wazima. Paa la makuti, nguzo za boriti, kuta za chokaa, mgeni anaona asili, anatulia. Boriti hizo zimekatwa wapi? Mkoko na mkandaa wa ghuba ya Chwaka ndiyo malezi ya samaki wadogo, na ndiyo inayoshika matope yasiende kufukia miamba. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa kwa tanuri, na tanuri linakula kuni. Nyumba ikiwa na sura ya msitu huku imeumaliza msitu, haimponyi mtu. Bora tofali la saruji lililopangwa vizuri likaachiwa upepo kupita kuliko nguzo elfu za mikoko. Na kama ni boriti, ziwe za miti iliyopandwa kwa kazi hiyo, fundi aonyeshe karatasi.

Na njia ya pwani isizibwe. Nimesimama kwenye kijiji kimoja ambacho njia waliyopitia wavuvi na wachokoa pweza kushuka baharini imewekewa ukuta, kwa sababu eti wageni wanataka utulivu. Bibi mmoja mwenye ndoo ya chaza kichwani alilazimika kuzunguka mbali kupita kokoteni, jua la saa saba, hali bahari anaiona pale. Nilisonya siku ile mpaka meno yakauma. Utulivu gani unaopatikana kwa kumchosha bibi wa watu? Mgeni mwenye akili timamu angefurahi kumwona akipita na kumsalimu. Wengi wao wanaumwa upweke, na dawa ya upweke ni salamu.

Maana tusisahau kinachoponya ni nini hasa. Mwaka 1984 mtafiti wa Kimarekani Roger Ulrich alichapisha utafiti kwenye jarida la Science. Alichukua kumbukumbu za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo kwenye hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha liliangalia miti, nusu liliangalia ukuta wa matofali. Waliokuwa wakiona miti walitoka hospitali mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu chache kuliko wenzao. Miti tu, tena kwa dirishani. Hakukuwa na mishumaa wala taulo nyeupe wala bei ya dola mia tano.

Basi uponyaji huo si mali ya mwenye hoteli. Mama aliyejifungua kwenye kituo cha afya cha kijiji anauhitaji kuliko mtu yeyote. Tungekuwa na haya, kila anayepewa ardhi ya ufukweni ajenge pahala pa kuponya angeambiwa pia apande mwarobaini na mkungu mbele ya madirisha ya wodi ya kijiji kilichompa ardhi, na aitunze mpaka itoe kivuli. Gharama yake ni ndogo kuliko ubao wake.

Kijana wa bodaboda sasa amenyamaza, kisha ananiuliza: wewe mzee, hayo utamwambia nani?

Nitamwambia yeye. Mradi wa hoteli hautakiwi kujengwa bila tathmini ya athari kwa mazingira, na mamlaka yetu ya mazingira, ZEMA, ipo kwa kazi hiyo. Sheha ataitisha kikao, atakuja bwana mwenye kompyuta, atatandika picha za vyumba na machweo. Yeye kijana anyooshe mkono aombe karatasi nyengine, ile yenye mabomba. Aulize kisima kitachimbwa wapi na kirefu kiasi gani, nani atapima munyu wake na majibu yatabandikwa wapi ili kijiji kiyasome. Aulize karo limezibwa kwa kitu gani, na likijaa nani analinyonya na analimwaga wapi. Aulize taa za ufukweni zitazimwa saa ngapi, na njia ya kushuka pwani imechorwa au imefutwa. Na kabla kikao hakijafunguliwa atazame nani amekaa. Kama wanawake wa mwani hawamo, amwambie sheha angoje maji yajae, wakishatoka shambani waje, maana wao ndio watakaoyaona maji machafu kabla ya sote.